Tucheke au tunune?

Leo nawaletea kasheshe iliyonikuta mwenyewe Jumamosi iliyopita, tena mbele ya sahani ya mihogo.

Kijiweni kwetu Magomeni tuko watano na tuna ugonjwa mmoja: mchezo wa kuigiza wahusika. Si ule wa jukwaani. Huu mnakaa mezani, kila mtu anajivika uhusika wake, msimulizi anaeleza yanayotokea, nanyi mnasema mnafanya nini. Pakiwa na shaka kama jambo limewezekana, dadu inarushwa. Wamarekani Gary Gygax na Dave Arneson ndio waliotoa Dungeons & Dragons mwaka 1974, ugonjwa ukasambaa. Sisi hatuna mazimwi wala ngome, tumejitungia wa kwetu: abiria wa Coaster wanasafirisha maiti kutoka Dar kwenda Tabora, usiku, na njiani mambo yanaharibika.

Msimulizi ni mimi. Ubishi ukaanza hata dadu haijarushwa: hadithi iwe ya kuchekesha au ya kweli kweli? Wawili wakataka vichekesho, mmoja akataka ya kutisha, wa nne kanyamaza. Mimi kwa kiherehere changu nikapitisha vichekesho. Basi bwana, konda akaitwa Chenji Baadaye, jeneza likawa linateleza kila tukifika kwenye tuta, na nikaweka sheria kwamba mtu akifa anafufuka kituo kinachofuata. Watu hawana mbavu! Mara yule aliyenyamaza akaweka dadu chini taratibu, akasema: "Mwaka jana nilipanda gari kama hilo, nikiwa na mama." Akainuka, akaondoka.

Kimya. Mihogo ikapoa, hakuna aliyeigusa.

Usiku nikawaza nilipokosea, nikagundua kitu. Kinachoamua mchezo uwe wa kicheko au wa kununa ni sheria ya kifo, majina ya ajabu ajabu yanafuata tu. Kuna mchezo unaitwa Paranoia, wa mwaka 1984, kila mchezaji anapewa miili sita. Ukifa analetwa mwingine kama wewe, sasa utaachaje kucheka? Lakini Call of Cthulhu ya mwaka 1981, akili ya mhusika ina alama, na kila akiona la kutisha zinapungua mpaka anadata. Mimi nilichukua kifo cha bei rahisi nikakitia kwenye hadithi ya msiba. Tena huzuni unaijenga saa nzima, neno moja la kipuuzi linaibomoa. Kicheko hakihitaji kujengewa, kinakuja chenyewe.

Jumapili nikaenda kumwomba radhi mshikaji. Akanishangaza. Eti hakuchukia kucheka. Yeye Mnyamwezi, na siku ya msiba wa mama yake watani wao Wazaramo walifika. Mama mmoja akajifunga khanga kama marehemu, akatembea kama marehemu, akagomba kama marehemu, kisha akalala mbele ya gari: haliondoki mpaka alipwe!

"Nililia na kucheka saa ile ile," akaniambia. "Lakini yule alikuja kuzika. Wewe ulikuja kucheka tu."

Sikuwa na la kujibu.

Basi Jumamosi hii tunaanza upya. Akifa mtu, kafa. Konda kapewa jina la maana. Na ndani ya Coaster kaongezeka abiria mmoja, mtani wa marehemu, mdomo hauna breki. Anayemwigiza ni yule yule mshikaji, kaomba mwenyewe.

Na wewe mwenye kijiwe chako, kabla hamjarusha dadu muulize kila mtu, hasa yule aliyenyamaza. Tukutane wiki ijayo, panapo majaliwa.