Asiyeonyeshwa Njia Hawezi Kuichagua

Kuchagua ni tendo la mtu huru, lakini uhuru peke yake hautoshi kulitimiza. Mtu akiingizwa katika chumba chenye giza akaambiwa, "Twaa nguo uipendayo," atanyosha mkono na kuishika iliyo karibu. Atokapo juani na kuonekana amevaa kanzu isiyo kimo chake, watu humcheka na kusema, "Si uliichagua mwenyewe?" Kwa haki, anayestahili kuchekwa ni yule aliyekuwa na taa mkononi asiiwashe.

Ndugu msomaji, hivyo ndivyo wanavyochagua vijana wengi wa nchi yetu, na taa zimo mikononi mwetu.

Tazama jambo lenyewe lilivyo. Katika Kenya kijana wa Gredi ya 9, ambaye umri wake ni kama miaka 14 au 15, hutakiwa kutaja mkondo atakaoufuata katika sekondari pevu, yaani tangu Gredi ya 10 hadi ya 12. Mikondo ni mitatu: wa kwanza ni wa Sayansi, Teknolojia, Uhandisi na Hisabati, wa pili ni wa Sayansi za Jamii, wa tatu ni wa Sanaa na Sayansi ya Michezo. Akiisha kutaja mkondo, huchagua masomo 3 yatakayoandamana na yale ya lazima, ambayo ni Kiingereza, Kiswahili au Lugha ya Ishara ya Kenya, Hisabati, na mafunzo ya kuihudumia jamii. Kisha hutaja shule. Kundi la kwanza la mtaala wa umilisi lilipitia mlango huu mwaka 2025, kila mwanafunzi akitaja shule 12. Likafanya tathmini ya KJSEA mwishoni mwa mwaka huo, na likaingia Gredi ya 10 Januari 2026. Vijana hao walikuwa zaidi ya milioni 1.

Katika mfumo wa 8-4-4, ulioanza mwaka 1985, mwanafunzi aliingia kidato cha kwanza akayaonja masomo mengi, na aghalabu aliyapunguza mwishoni mwa kidato cha pili. Alichagua akiwa ndani ya shule ya sekondari, ameiona maabara, amewasikia walimu wa kila somo, na amejipima nguvu zake. Leo mwenzake huchagua kabla hajaingia. Silaumu mabadiliko hayo, maana ni jema mtu kuanza mapema kulisoma lile analoliweza na kulipenda. Walakini, maadamu siku ya kuchagua imewahishwa, siku ya kufundishwa kuchagua nayo ilipasa kuwahishwa. Ya kwanza imewahishwa; ya pili, katika shule nyingi, imebaki pale pale ilipokuwa.

Tena liko jambo ambalo watu wachache hulifikiri. Tangu zamani wengi waliosoma darasa za juu waliishi mbali na wadogo wao, na hilo si geni. Lakini tangu Januari 2023 wanafunzi wa Sekondari Msingi, yaani Gredi ya 7 hadi ya 9, wamewekwa katika viwanja vya shule za msingi. Manufaa yapo: mtoto hulala kwao, na karo ya bweni haimwelemei mzazi. Lakini hasara nayo ipo. Kijana huyo ndiye mkubwa wa shule yake. Hana aliye mbele yake wa kumwuliza. Katika shule nyingi za namna hiyo maabara haipo, au ni kabati moja lenye chupa chache. Basi tunamwambia achague sayansi ambayo hajaishika kwa mikono, au sanaa ambayo hajaiona jukwaani, katika shule ambayo hajawahi kuingia lango lake.

Wako watakaoyapinga maneno haya, na ni haki tuwasikilize mmoja mmoja.

Wa kwanza husema, "Mtoto wa miaka 14 anajua nini? Mchagua jembe si mkulima. Nitamchagulia mimi." Namheshimu mzazi huyu, kwa kuwa ndiye alipaye karo na ndiye ajuaye kibindo chake. Ana haki ya kusema, "Mwanangu, shule hiyo iko mbali na nauli yake hatuiwezi." Neno hilo ni la hekima, na mtoto mwema hulipokea. Lakini kushauri ni jambo moja na kunyang'anya kalamu ni jambo la pili. Baba hataketi darasani miaka 3 akisikiliza fizikia. Mama hataamka alfajiri kuikariri kemia kwa niaba ya bintiye. Atakayeubeba mzigo ndiye apasaye kuuliziwa bega lake. Na methali ile humsuta mvivu atafutaye sababu ya kutolima; haimkatazi mkulima kujua kwamba jembe la mchangani huvunjika kwenye mawe.

Wa pili hutazama jina. Mwulize kwa nini ameitaka shule fulani, naye atakutajia wakubwa waliosoma huko, vikombe vilivyo kabatini, na rangi ya sare. Sikatai kwamba majina hayo yana asili. Maseno ilianzishwa mwaka 1906 na Alliance mwaka 1926, zama ambazo nafasi za shule kwa Mwafrika zilikuwa chache mno, na waliozipata walikuwa wachache waliochujwa kama unga. Heshima ya shule kama hizo ilipatikana kwa jasho. Lakini jina halifundishi. Mwalimu ndiye afundishaye. Si kila shule yenye mikondo yote mitatu, wala ndani ya mkondo mmoja si kila shule ifundishayo masomo yale yale. Akichagua jina kwanza, kijana apendaye muziki aweza kufika penye lango kubwa asikute mwalimu wa muziki. Vijana wa kundi la kwanza walipopangiwa shule, maelfu yao waliomba kubadilishiwa. Baadhi walikuwa na sababu za haki, kama umbali, maradhi na karo. Lakini nani atakayethubutu kusema kwamba hapakuwa na mmoja miongoni mwao aliyezijua shule alizozitaja kwa jina tu?

Wa tatu ndiye namwogopa zaidi, kwa kuwa sumu yake ni tamu. Huyu husema mkondo wa sayansi ni wa wenye akili, wa jamii ni wa wastani, na wa sanaa na michezo ni wa waliobaki. Hushika na ushahidi mkononi: je, serikali yenyewe haikutarajia kwamba karibu 60% ya wanafunzi waingie mkondo wa sayansi, 25% wa jamii, na 15% wa sanaa na michezo? Kweli, ilitarajia hivyo. Lakini hesabu ya mahitaji ya taifa si hukumu juu ya akili ya mtu. Taifa huhitaji wakulima wengi kuliko marubani, na hakuna asemaye kwamba kila mkulima ni rubani aliyeshindwa.

Mtazame Wangari Maathai. Alisomea biolojia, akapata shahada ya uzamifu mwaka 1971 katika Chuo Kikuu cha Nairobi, kisha akaitwaa elimu hiyo akaenda nayo kwa wanawake wa vijijini, wakapanda miti. Na mwaka 2004 alipewa Tuzo ya Nobeli ya Amani. Sayansi yake isingalizaa kitu kama asingalijua jinsi ya kusema na jamii. Mtazame na Faith Kipyegon, aliyetwaa dhahabu ya mita 1,500 katika Michezo ya Olimpiki mara 3 mfululizo, mwaka 2016, 2021 na 2024. Yupi kati ya wanaoidharau michezo aliyekaa kimya bendera ilipopandishwa? Nami sikudanganyi kwamba kila aingiaye mkondo ule atakimbia kama yeye. Lakini nyuma ya mkimbiaji mmoja wako mkufunzi, mkandaji wa misuli, mjuzi wa vyakula, mwamuzi na mtangazaji, na wote hao hula kwa elimu waliyoisoma. Amdharauye mtu kwa ajili ya mkondo wake humfanya auache mkondo alioumbiwa na kuingia ule wa kumfurahisha jirani. Hapo nchi hupata mhandisi mbaya na kupoteza mchoraji hodari, hasara mbili kwa mpigo mmoja.

Wa nne ni mwalimu mwenzangu. Yeye husema, "Vipindi ni vingi, walimu ni wachache, nitapata wapi wakati wa ushauri?" Shida yake naijua, kwa kuwa ni shida yangu. Lakini natazama mambo yanavyotendeka: jambo linyamaziwe miaka 2, kisha fomu ziletwe, zijazwe kwa haraka, zirudishwe, na watu waseme wanafunzi wamechagua. Haraka haraka haina baraka. Katika kupangiwa shule, kundi la kwanza lilihesabiwa 20% kwa tathmini ya Gredi ya 6, 20% kwa kazi za Gredi ya 7 na ya 8, na 60% kwa tathmini ya Gredi ya 9. Ikiwa hesabu yenyewe huanza Gredi ya 6, ushauri utasubirije Gredi ya 9? Nusu saa kwa juma tangu Gredi ya 7 yatosha. Fundi wa umeme wa mtaani hukubali kuja akiombwa kwa adabu. Muuguzi wa zahanati vile vile. Hawa hawadai malipo ila heshima.

Je, ni mambo gani yapasayo kujulikana? Si mengi. Kijana ajue kwamba milango hufungwa na kufunguliwa na masomo, wala si na jina la mkondo. Atakaye uhandisi hawezi kuikwepa fizikia. Atakaye udaktari hawezi kuzikwepa biolojia na kemia. Ajue kwamba hisabati ni ya lazima kwa wote, lakini ni ya namna mbili, moja nzito iwapasayo wa mkondo wa sayansi na nyingine nyepesi zaidi kwa mikondo mingine. Basi mwenye nia ya kusomea uchumi au uhasibu aulize mapema kazi hiyo itamdai hisabati ipi. Ajue shule anayoitaja ina walimu gani, iko umbali gani, na mahitaji yake ni kiasi gani. Ajue pia kwamba mbele ya Gredi ya 12 hakuna chuo kikuu peke yake. Viko vyuo vya ufundi vinavyofundisha umeme, mabomba, ushonaji, upishi na utengenezaji wa magari, na aanzaye huko kwa cheti aweza kupanda hadi stashahada na hata shahada. Kijana asiyeambiwa haya hudhani maisha ni ngazi moja, na akiteleza daraja moja huona amekwisha.

Sasa nageuka kwako wewe, msomaji, ambaye umekwisha kuvuka. Usidhani kwamba maneno haya ni ya wazazi na walimu pekee. Wewe unayo elimu ambayo sisi hatuna. Sisi tunaijua shule kutoka mbele ya ubao. Wewe waijua kutoka kwenye dawati. Wewe wajua ni somo gani lililo tamu kwa jina na gumu kwa kazi, na lipi lidharauliwalo na watu hali limekufungua macho. Na huko nyumbani, au nyumba ya tatu kutoka kwenu, yuko mdogo wako wa Gredi ya 8 au ya 9 asiye na wa kumwuliza. Deni lake liko shingoni mwako.

Ulipe kwa ukweli. Usijigambe kwa shule yako ukamtamanisha asichokiweza, wala usimtishe kwa masomo yaliyokushinda ukamzuia anachokiweza. Mpe vitabu vyako avifunue. Mwonyeshe daftari la historia aone kusoma kulivyo kwingi, na la fizikia aone hesabu zilivyo nyingi. Mwulize ni kazi gani aifanyayo bila kusukumwa, kisha umwulize kama yu tayari kuifanya hata siku asiyojisikia. Akisema hajui, usimcheke. Kutojua katika umri huo si aibu. Aibu ni ya ajuaye akanyamaza.

Likizo ijayo, basi, kabla hujaenda uwanjani kucheza, kaa na mdogo wako saa moja. Chukueni karatasi, iandikeni mikondo mitatu, na chini ya kila mmoja aandike alijualo na asilolijua. Yale asiyoyajua, nendeni mkayaulize pamoja.