MNAVAA KAPTULA ZA WAKULIMA WA KIJERUMANI, HALAFU MNAMCHEKA BIBI YANGU NA NDOO YAKE YA MTAMA?

Leo sina umbea wa nani kaachana na nani, wala nani kahamishwa Masaki kwa kushindwa kodi. Leo nina kitu kimenikaa kooni tangu Oktoba iliyopita na nisipokitema nitaumwa.

Jumamosi moja ya mwezi huo nilipanda basi pale Maganzo nikaenda zangu Mwanza, nauli yangu mwenyewe, kuhudhuria kwa mara ya kwanza kitu kinaitwa Oktoberfest. Hoteli siitaji, kesi sitaki. Ipo tu kando ya ziwa, bendera za buluu na nyeupe zimening'inizwa mpaka chooni. Kiingilio elfu 50, unapewa na kofia ya kijani yenye unyoya wa plastiki. Wahudumu wa kike wamevalishwa gauni zenye aproni, wa kiume kaptula za ngozi feki zenye mikanda ya mabegani. Soseji zipo. Muziki? Amapiano mwanzo mwisho, sijui Mjerumani gani anacheza amapiano. Na bia ni ile ile ya kreti tunayoijua wote, wameimimina kwenye glasi kubwa yenye mkono wakaipandisha bei mara tatu.

Nisiwe mnafiki. Nilikula bata. Nilipiga picha na kofia yangu nikaposti, nikapata likes ambazo sijawahi kupata tangu nianze hii blogu.

Shida ilianza saa nne usiku. Watu wamepoa kidogo, dada mmoja aliyeshika maiki, jina mnalijua na mimi silitaji, akapaza sauti: "Jamani changamkeni basi, hapa siyo kilabu cha komoni kwa bibi zenu!"

Ukumbi mzima ukacheka. Na mimi nikacheka. Yaani hilo ndilo linaloniuma mpaka leo, siyo maneno yake, ni kile kicheko changu.

Kwa sababu mimi nimesoma mpaka kidato cha nne kwa pombe ya mtama. Ada, daftari, sare, viatu vya Bata vya kurithishana, vyote vilitoka kwenye pipa la bibi. Nyie mnaona ndoo tu. Mimi nimeona kazi. Mtama unalowekwa, unafunikwa mpaka uote, kimea kinaanikwa juani na watoto tunakaa na fimbo kufukuza kuku. Kinasagwa, unapikwa uji mkubwa, unaachwa upoe, kimea kinaingia, halafu unasubiri. Bibi alikuwa anaweka sikio kwenye pipa kusikiliza jinsi inavyochemka, anakwambia "bado, mpaka kesho jioni", na kesho jioni kweli. Hana kipimajoto yule mama. Wazee wanakuja na viti vyao vya miguu mitatu, wanapokezana kata, wanaongelea ng'ombe na mvua. Mtu akizidisha, bibi anamnyima na anamtuma mjukuu ampeleke kwao.

Sasa nilivyorudi Mwadui nikatafuta bando nikaanza kusoma hii Oktoberfest yenyewe ni nini. Aisee. Tumeuziwa mbuzi kwenye gunia.

Ilianza Oktoba 1810 kule München, ni harusi. Mwana wa mfalme wa Bavaria, Ludwig, kaoa binti anaitwa Therese, raia wakaalikwa kusherehekea uwanjani na kuangalia mbio za farasi. Uwanja mpaka leo unaitwa kwa jina la huyo bibi harusi, Theresienwiese. Mwaka uliofuata, 1811, wakaongeza maonyesho ya kilimo. Umesoma vizuri? Maonyesho ya kilimo! Yaani mama wa hii sherehe ni Nanenane. Ni Nyakabindi ile yenye ng'ombe waliooshwa, matrekta na mahindi makubwa kuliko mkono wa mtu, ambayo nyie mastaa mkialikwa kutumbuiza mnasema vumbi litaharibu viatu.

Na zile kaptula za ngozi ni nguo za kazi za watu wa milimani, wakulima na wachungaji. Zile gauni za aproni zilikuwa za wafanyakazi wa kike wa mashambani na wa ndani. Mtu kavaa nguo ya kijakazi wa shamba la Bavaria, kashika maiki, anamcheka mkulima wa Kishapu.

Subiri, kuna hii nyingine. Kule München kiingilio ni bure. Bure kabisa, unaingia uwanjani, unaingia mpaka kwenye mahema yao makubwa, hakuna mtu anakudai shilingi mlangoni. Unalipia unachokunywa, na hapo ndipo wanapokukamata: mwaka 2024 bia ya lita moja ilikuwa kati ya euro 13.60 na 15.30, kwa hela yetu elfu 40 na kitu. (Na hilo neno "hela" lenyewe walituachia wao na sarafu zao za heller. Shule pia. Bia yao hawakutuachia.) Lakini bia inayoruhusiwa kuuzwa pale ni ya viwanda 6 tu, vyote vya hapo hapo mjini kwao. Uwe na kampuni kubwa kiasi gani duniani, kama hupikii München kaa nje. Meya ndiye anayetoboa pipa la kwanza saa sita mchana, na kabla ya hapo hakuna anayeuziwa.

Kwa hiyo ukitaka kuwaiga Wajerumani kisawasawa, unatakiwa uchukue uwanja wa hapa kwetu, kiingilio bure, uvae nguo ya kazi ya babu yako, mkuu wa wilaya afungue pipa la mtama la akina mama wa Maganzo, na bia ya kutoka nje ya mkoa isiingie getini. Sisi tumechukua kofia ya plastiki.

Sasa nije kwa mtu wangu mwingine. Kuna kaka mmoja, mtoto wa Shinyanga huyu huyu, wafuasi kibao, ambaye alifika München yenyewe. Hongera zake, sina wivu, safari ni safari. Akaposti akiwa kwenye benchi na glasi yake, kaptula ya ngozi, kaandika kwamba "wenzetu wanajua kuthamini utamaduni". Moto, moto, makofi. Ni huyu huyu aliyewahi kurekodi wazee wakinywa kilabuni, bila kuwaomba ruhusa, akaweka muziki wa katuni na maneno "ushamba mzigo". Ile video bado ipo, nimeenda kuhakikisha. Mzee mmoja pale kati namfahamu, mjukuu wake ndiye aliyemwonyesha kwenye simu. Mzee hakusema kitu. Wiki mbili hakuonekana kilabuni.

Kaka, nikuulize kitu. Hapo München hukuona walevi? Wanalala kwenye nyasi mchana kweupe, wanatapika, watu wa huduma ya kwanza wanawabeba. Mbona hukuweka muziki wa katuni?

Najua kuna wa kuja kwenye komenti na "admin unatetea ulevi". Sitetei. Gongo ni haramu na imeua watu, imepofusha watu, sina neno nayo. Lakini mtama siyo gongo, na pombe ya kienyeji inauzwa kwa leseni kama biashara nyingine. Nyie mnachanganya makusudi ili kucheka kuwe rahisi. Mwingine atasema kwani kuonja vya wenzetu ni dhambi? Hapana, onja. Mimi nikipata viza kesho naenda. Ninachokataa ni kuchapa kofi la kwa bibi yako huku unapiga makofi ya kwa bibi wa mwenzio.

Halafu mnasema hatuna sherehe. Hatuna? Kila mwaka mwezi wa 6, kipindi cha sikukuu ya Ekaristi, pale Bujora Kisesa, kilomita chache tu kutoka Mwanza mjini, kuna Bulabo. Wagika na Wagalu wanapambana kwa ngoma, na ushindi ni nani kavuta watu wengi zaidi upande wake. Hiyo ni vita ya views kabla intaneti haijazaliwa! Kuna bugobogobo ya majembe, kuna wanaocheza na chatu shingoni. Ile dansi ya majembe ni ya wakulima, wamevaa kama wakulima, hawajakodisha nguo kwa mtu. Ingia kurasa za mastaa wa Kanda ya Ziwa mwezi huo, hesabu walioposti. Mimi nilihesabu, vidole vya mkono mmoja vilibaki.

Bia yenyewe mnayoipenda huku, Balimi, jina lake ni Kisukuma, maana yake wakulima. Mnamtamka mkulima kila mkiagiza raundi.

Na hizi harusi za kifalme, Mwadui tumechangia, msidhani. Mwaka 1947 hapa mgodini kwetu ilipatikana almasi ya rangi ya waridi, karati 54.5, Williamson akampa Elizabeth zawadi ya harusi kabla hajawa malkia. Ya Ludwig wananchi walipewa uwanja, na wanakunywa hapo mpaka leo. Ya Elizabeth sijawahi kusikia mzee yeyote wa Mwadui akisimulia alipata hata soda.

Siku niliyorudi nilimpelekea bibi ile kofia. Akaigeuza geuza, akauliza bei. Nikamwambia elfu 50 pamoja na kuingia. "Kuingia wapi, baba?" Nikasema kwenye pombe. Akacheka mpaka akakaa chini. Halafu akauliza walikuwa wamepika wenyewe? Nikamwambia hapana bibi, ilitoka kwenye kreti. Akaniangalia, akaivaa kofia, akaenda kugeuza kimea chake juani.

Picha ninayo. Ameniruhusu kuiposti, nimemwomba kwanza. Dada wa maiki na kaka wa München, Bulabo ni mwezi wa 6, daladala za Kisesa mnazijua. Komenti zipo wazi.