Kipya Kinyemi: Simu Janja Mpya na Mtahiniwa

Kipya kinyemi ingawa kidonda. Huenda umeshaulizwa maana ya methali hii katika mazoezi, lakini utaielewa vizuri zaidi siku utakapofungua boksi la simu janja yako ya kwanza. Kioo kinang'aa, karatasi yake laini haijabanduliwa, na nyumba nzima inataka kuishika. Pengine kaka yako ameituma kutoka mjini ili ikusaidie kujisomea. Ni zawadi ya upendo. Hata hivyo, maoni yangu ni kwamba itakusaidia endapo tu utaiwekea masharti siku hiyohiyo ya kwanza.

Nasema hivi kwa sababu yalinikuta. Nilipowasha simu yangu ya kwanza iliniuliza lugha, nikachagua Kiswahili, kisha nikabonyeza "Kubali" kila neno hilo lilipotokea, bila kusoma hata mstari mmoja. Nilikaa nayo saa tatu usiku nikiwa na nia ya kutafuta kamusi. Nilipoinua macho ilikuwa saa saba, kifurushi kimekwisha na kamusi sijaipata. Cha ajabu, nililala nikiamini kwamba nimejifunza mambo mengi.

Baadaye niligundua kwamba programu zilizokuja na simu zilikuwa zikijisasisha zenyewe kwa kutumia kifurushi changu. Nyingine zilikuwa na ruhusa ya kulia wakati wowote. Mitandao mingi ya kijamii hupata mapato yake kutokana na matangazo, hivyo hutengenezwa ili ukae nayo muda mrefu. Kwa hiyo, kabla ya kupiga picha ya kwanza, fungua mipangilio, zima arifa na uzuie programu zisijisasishe kwa kifurushi chako.

Wapo watakaosema mtahiniwa asiguse simu kabisa. Sikubaliani nao. Ikiwa darasani kwenu mnagawana kitabu kimoja watu watano, Taasisi ya Elimu Tanzania ina maktaba ya mtandaoni yenye vitabu vya kiada. Tovuti ya Baraza la Mitihani nayo ina taarifa za uchambuzi wa majibu ya watahiniwa, zinazoonyesha maswali yaliyowashinda waliokutangulia na sababu zake. Ukizipakua mara moja, utazisoma hata usipokuwa na kifurushi.

Hatari kubwa ninayoiona ni kudhani kwamba ulichokiona kwenye kioo umeshakijua. Chukua mfano wa tamathali za semi. Utasoma kwenye simu kwamba tashibiha hulinganisha vitu kwa kutumia maneno kama "mithili ya", na sitiari hulinganisha moja kwa moja. Utatikisa kichwa na kupita. Sasa ifunike simu, uandike: "Juma ni mrefu kama mnazi" ni tamathali gani? "Juma ni mnazi" je? Toa sababu, kisha tunga mifano yako miwili. Kalamu ikikwama, basi bado hujaelewa, na ni heri ikwame leo mezani kwenu kuliko siku ya mtihani. Siku hiyo simu hairuhusiwi ndani ya chumba, na kukutwa nayo kunaweza kukufutia matokeo ya miaka minne ya kazi yako.

Kwa hiyo, usiirudishe zawadi ya kaka yako. Kila jioni, kabla ya kuiwasha, andika kwenye daftari swali moja unalotaka ikusaidie. Ukishapata maelezo, izime na umkabidhi mama akuwekee mpaka kesho. Kisha geuza ukurasa, ulijibu swali hilo kwa maneno yako mwenyewe.