Kura ya Wakubwa

Tumezoea kwamba timu ikishika mkia hushuka daraja, wala hapana wa kuombwa. Uingereza haikuwa hivyo mpaka 1986. Timu 4 za mwisho za Daraja la Nne zilikwenda mkutanoni kuomba zichaguliwe upya, zikishindana na timu za nje zilizotaka kuingia.

Nami nauliza: wapiga kura walikuwa nani? Kila klabu ya Daraja la Kwanza na la Pili ilikuwa na kura yake. Daraja la Tatu na la Nne, zote kwa jumla, kura 4 tu. Basi maskini alihukumiwa na matajiri. Hartlepool iliomba mara 14, ikasamehewa mara zote. Gateshead haikuwa imeomba tangu 1937. Mwaka 1960 ilimaliza ya tatu kutoka mwisho, ikatolewa, na Hartlepool iliyoburura mkia mwaka uo huo ikabaki! Insafu iko wapi hapo?

Kweli, Peterborough iliyoingizwa badala yake ilitwaa ubingwa wa daraja lile msimu wake wa kwanza, kwa mabao 134. Sina neno na mgeni. Neno langu ni namna alivyotolewa mwenyeji.

Mwaka 1987 Lincoln ikawa ya kwanza kushuka kwa pointi zake yenyewe, na 1988 ikapanda tena kwa pointi zake. Gateshead haikupata njia hiyo. Klabu ile ilivunjika 1973.