Besiboli ni chambo tu, pesa iko kwa dirisha la msosi

Ebu nikuulize. Klabu ambayo hailipi mishahara ya wachezaji wake, na haina uwezo wa kuwazuia wakiitwa kwingine, inauza nini? Soseji, bia na karanga.

Hiyo ndiyo biashara ya besiboli ya ligi za chini kule Marekani. Timu kubwa kama New York Yankees huwa na vilabu vidogo katika miji mingine, ambako vijana wake hunolewa. Mishahara ya wachezaji na makocha inatoka kwa timu kubwa. Mwenye klabu ndogo anabaki na tiketi, matangazo ya ukutani na chakula. Kijana akianza kung'ara leo, kesho ameshapandishwa daraja. Kwa hivyo shabiki hawezi kuahidiwa nyota. Anaahidiwa jioni tamu na familia, na jioni tamu bila msosi haipo.

Sasa piga hesabu ya kibanda. Mimi sikumaliza chuo, lakini hesabu hii haitaki digrii. Msimu unaanza Aprili na kuisha Septemba. Klabu inacheza nyumbani mechi kati ya 66 na 75, kulingana na daraja. Hizo ndizo siku zako za kuuza mwaka mzima. Mvua ikinyesha mechi inaahirishwa, na mikate uliyonunua asubuhi haitakungoja. Faida yako ni moja: mteja akishapita geti, hana kiosk kingine cha kukimbilia. Ndiyo maana hotdogi ndani ya uwanja ina bei ya kukuumiza moyo.

Halafu kuna maamuzi ya wakubwa. Mwaka 2022 saa inayomhesabia mrushaji sekunde ili asipoteze muda ilienezwa kwenye ligi za chini. Mechi zikapungua kwa takriban dakika 25. Mashabiki walifurahi, lakini dakika hizo 25 ndizo mtu angesimama kutafuta soda ya pili. Sheria hiyo ilipofika ligi kuu mwaka 2023, klabu kama Milwaukee Brewers zilisogeza mwisho wa kuuza bia kutoka raundi ya saba hadi ya nane. Aliye juu alijitafutia njia ya kurudisha chapaa yake. Na yule anayekaanga viazi hakuulizwa kitu.

Kibaya zaidi ni mwaka 2021, ligi kuu ilipopunguza vilabu vya chini vinavyoshirikiana nayo kutoka 160 hadi 120. Mji ukipoteza klabu, vibanda vyake vyote vinapoteza wateja.

Sasa skiza vizuri, maana hapa ndipo pesa imelala. Anayepika mara nyingi si mwenye dirisha. Klabu nyingine huuza zenyewe, nyingine hutoa kandarasi kwa kampuni. Delaware North, mojawapo ya kampuni kubwa za kazi hiyo, ilianzishwa mwaka 1915 na ndugu watatu wa Buffalo waliokuwa wakiuza karanga na bisi kwenye kumbi za maonyesho. Karanga, msee! Walichokuja kumiliki ni haki ya kuuza ndani. Na kwenye viwanja vingi, wanaosimama dirishani ni vikundi vya kanisa au shule vinavyochangisha pesa. Wanatoa jasho, kikundi kinapewa fungu dogo la mauzo, na kubwa linabaki kwa mwenye kandarasi.

Kuna waliojaribu njia tofauti. Mji wa Savannah ulipoteza klabu yake ya ligi ya chini baada ya msimu wa 2015. Mwaka uliofuata ikaja Savannah Bananas, timu ya wanafunzi wa vyuo, na tiketi ya dola 15 iliyojumuisha chakula: baga, hotdogi, soda, kula hadi ushibe. Watu walijaa. Nadhani siri ilikuwa rahisi: mzazi wa watoto watatu alijua kabla hajatoka nyumbani atatumia pesa ngapi.

Kwa nini nakusumbua na besiboli, mchezo ambao huenda hujawahi kuutazama? Kwa sababu AFCON 2027 inakuja kwetu, pamoja na Uganda na Tanzania. Uwanja wa Talanta pale Ngong Road umepangiwa kuingiza watu 60,000. Tunabishana kuhusu kikosi cha Harambee Stars, lakini ni nani ameuliza madirisha ya msosi yatakuwa ya nani?

Kwenye mashindano makubwa, mwenye mashindano ndiye huamua nani auze ndani na hata nani akae karibu na geti. Afrika Kusini 2010, wachuuzi wengi walisukumwa mbali na viwanja. Brazil 2014 ilikuwa hadithi nyingine huko Salvador. Kina mama wanaouza acarajé, kitu kama bhajia ya kunde, walikataa kufukuzwa. Walijipanga kama chama, wakakusanya sahihi, na baadhi yao wakapata nafasi ya kuuza kwenye uwanja wa Fonte Nova.

Kwa hivyo wewe wa smokie, mayai na miwa, usingoje mechi ya kwanza ndipo ukimbizane na kanjo. Sajilini kikundi sasa, mpate leseni ya afya, muwe na akaunti ya benki. Sheria yetu inatenga asilimia 30 ya zabuni za serikali kwa vijana, wanawake na watu wenye ulemavu. Mbunge wako akija kupiga picha uwanjani, muulize kama madirisha hayo yamo ndani ya hiyo asilimia 30. Na muulize mapema, kandarasi zikishatiwa sahihi utabaki kuuza nje ya geti.