Mashindano ya Magari Yanayokula Mafuta Kidogo: Yana Faida Gani kwa Shule Zetu?

Mwaka 1939, katika maabara ya utafiti ya kampuni ya Shell huko Illinois, Marekani, wanasayansi kadhaa waliwekeana dau la kirafiki: nani kati yao ataliendesha gari lake mbali zaidi kwa galoni moja ya petroli? Mshindi alifikisha maili 50 hivi, yaani kama kilometa 21 kwa lita moja. Miaka 66 baadaye, mwezi Juni 2005, gari lililoitwa PAC-Car II, lililoundwa na wanafunzi na watafiti wa chuo kikuu cha ETH cha Zürich, Uswisi, lilijaribiwa katika uwanja wa Ladoux, Ufaransa. Gari hilo halikutumia petroli bali haidrojeni. Hata hivyo, nishati iliyotumika ilipolinganishwa na nishati iliyomo katika petroli, ilidhihirika kwamba lingekwenda kilometa 5,385 kwa lita moja. Kwa kiasi hicho mtu angetoka Dar es Salaam mpaka Mwanza na kurudi, akaenda na kurudi tena, na bado akabakiwa na akiba.

Dau lile la wanasayansi wachache ndilo lililozaa mashindano ya wanafunzi yanayojulikana kwa jina la Shell Eco-marathon, yaliyoanza kwa sura yake ya sasa nchini Ufaransa mwaka 1985. Marekani na Japani nazo zilikuwa zimekwisha kuanzisha mashindano yao ya namna hiyo mwanzoni mwa miaka ya 1980. Afrika nayo haikubaki nyuma kabisa: mwaka 2014 Chuo Kikuu cha Lagos na kile cha Benin, vyote vya Nigeria, vilipeleka magari yao Rotterdam, Uholanzi, kushindana na vyuo vya Ulaya.

Msomaji anaweza kuuliza: mambo haya yanamhusu nini mwanafunzi wa kidato cha tatu ambaye shule yake haina hata mizani ya kuaminika? Nia ya makala haya ni kujibu swali hilo. Rai yangu ni kwamba yanamhusu sana, lakini si kwa sababu ambayo wengi huidhani. Thamani ya mashindano haya haimo katika gari. Imo katika tabia ya kupima.

Wapinzani wawili wa gari

Kwanza tuone siri ya rekodi hizo. Gari linapokwenda kwenye barabara tambarare kwa mwendo usiobadilika, injini hufanya kazi ya kushinda wapinzani wawili. Wa kwanza ni ardhi. Tairi hubonyea pale linapogusa barabara, kisha hurudi katika umbo lake, na kila mara hupoteza nishati kidogo inayogeuka kuwa joto. Wa pili ni hewa, ambayo hapana budi isukumwe kando ili gari lipite. Upinzani wa ardhi hutegemea uzito wa gari na ubora wa matairi. Upinzani wa hewa hutegemea umbo la gari, ukubwa wa uso wake wa mbele, na mraba wa mwendo: ukiongeza mwendo mara mbili, hewa hukupinga mara nne.

Chukua gari dogo la kawaida lenye kilo 1,000, likienda kilometa 80 kwa saa. Ardhi hulipinga kwa kani ya nyutoni 120 hivi, na hewa kwa nyutoni 200 hivi. Jumla ni nyutoni 320, sawa na kuvuta juu mzigo wa kilo 32 bila kupumzika. Tena angalia kwamba dereva mwenye kilo 70 amebebwa na chuma chenye uzito wa mara kumi na nne ya uzito wake. Sehemu kubwa ya mafuta hutumika kulisafirisha gari, wala si mtu.

Sasa liangalie lile gari la Zürich. Lilikuwa na magurudumu matatu na bodi ya nyuzi za kaboni, na uzito wake ulikuwa kilo 29 tu, hata dereva akawa mzito kuliko gari lenyewe. Umbo lake lilikuwa kama tone la maji lililolala, na dereva alikaa ndani akiwa karibu amelala chali. Likienda kilometa 30 kwa saa, ardhi na hewa kwa pamoja hulipinga kwa kani ya nyutoni 2 hivi. Kani hiyo haifikii uzito wa robo kilo ya sukari.

Hapa mwanafunzi na achukue kalamu. Kani ya nyutoni 2 kwa umbali wa meta 1,000 ni kazi ya jouli 2,000. Lita moja ya petroli ina jouli milioni 32 hivi. Kama nishati hiyo yote ingefika kwenye magurudumu, gari lingekwenda kilometa 16,000. Ikifika theluthi moja tu, litakwenda kilometa 5,300 na kitu. Hii ni hesabu ya kukadiria, lakini inatuonyesha kwamba rekodi ile si uchawi. Ni kazi, kani na umbali, mambo yale yale yaliyomo katika daftari la fizikia la kila shule ya sekondari.

Kijiko kimoja cha petroli

Hata hivyo jambo lililonivutia zaidi katika mashindano haya si hesabu hiyo, bali ni namna mafuta yanavyopimwa. Gari bora la petroli linaweza kupita kilometa 3,000 kwa lita moja. Mwendo wa kushindania ni mfupi, aghalabu kilometa 16 hivi. Kwa hiyo gari kama hilo humaliza mwendo wote kwa mililita 5 tu za petroli, yaani kijiko kimoja cha chai. Ndiyo maana matangi yao ni vichupa vya kioo, kingine cha mililita 30 tu.

Sasa petroli hutanuka kwa joto, takriban sehemu moja katika elfu kwa kila digrii moja ya sentigredi. Joto la mchana likipanda kwa digrii 10, mililita 30 zitaongezeka kwa mililita 0.3. Katika tangi la gari la kawaida jambo hili ni dogo mno, lakini kwa aliyetumia mililita 5 tu, kosa hilo ni asilimia 6 ya hesabu yake yote. Jua pekee laweza kumpa mtu ushindi asioustahili. Kwa sababu hiyo waamuzi hupima joto la mafuta na kusahihisha ujazo kabla ya kutangaza mshindi. Katika mashindano haya neno la mwisho si la mgeni rasmi, wala si la anayepigiwa makofi mengi. Ni la chupa, kipimajoto na saa.

Nilipokuwa ng'ambo nikisomea shahada ya udaktari, wanafunzi wa shahada ya kwanza walikuwa na karakana chini ya jengo letu, wakiunda gari la namna hii. Jioni moja nilishuka kuwatazama. Kijana mmoja aliyekuwa akizungusha gurudumu kwa kidole aliniuliza, kwa adabu kabisa, kwa makadirio yangu beringi ile ilikuwa inapoteza kiasi gani cha nishati. Nilimweleza msuguano ni nini, aina zake, faida na hasara zake. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akarudia swali lake: kiasi gani? Sikuwa na jibu, wala sikujua nianze vipi kulitafuta. Nilikuwa nimefaulu kila mtihani wa fizikia tangu kidato cha kwanza, lakini hakuna mtihani ulioniomba nipime msuguano wa kitu halisi kilicho mbele yangu.

Nasimulia habari hii kwa sababu nawaona vijana wanaoingia chuo kikuu leo wakiwa na pengo lile lile. Wanajua fasili, wala hawajui kiasi. Tena pengo hili huonekana hata tunapotaka kusifu ubunifu. Kijana akiunda gari kwa vyuma chakavu, huletwa kwenye maonyesho, hupigwa picha akiwa amesimama karibu na kiongozi, naye huahidiwa msaada. Sijawahi kusikia mtu akimwuliza: gari lako linakwenda kilometa ngapi kwa lita moja? Limebeba kilo ngapi? Mwaka jana lilikwenda ngapi, na umebadilisha nini? Kwa kutomwuliza hatumheshimu. Tunamfanyia kama mtoto aliyechora picha. Bila kipimo hawezi kujua kama gari lake la pili ni bora kuliko la kwanza, na ndiyo sababu mara nyingi la pili haliundwi.

Hoja za wapinzani

Wapo wanaopinga mashindano haya, na hoja zao si za kupuuzwa. Wa kwanza husema kwamba kampuni ya mafuta inayodhamini mashindano ya kubana mafuta inajitangaza tu. Sikatai kwamba inajitangaza. Lakini elimu ya mwanafunzi aliyejifunza kuhesabu upotevu ni mali yake mwenyewe. Anaweza kuitumia hata kuihoji kampuni hiyo.

Wa pili husema kwamba magari yale hayafai barabarani: hayabebi mzigo, hayapiti kwenye shimo, wala hakuna mtu wa kawaida atakayekubali kusafiri amelala chali. Hilo pia ni kweli, na waandaaji wenyewe wameanzisha kundi jingine la magari yanayofanana zaidi na ya mjini. Lakini chombo cha majaribio huundwa ili kitufundishe ni nini hasa kinacholigharimu gari. Anayejua hilo atajua pia kwa nini lori lenye matairi laini hula dizeli nyingi, na kwa nini basi likipunguza mwendo huokoa mafuta.

Wa tatu husema kwamba petroli inapitwa na wakati, na magari ya umeme yanakuja. Na yaje. Ardhi na hewa haziulizi kama gari lina injini au betri. Mashindano hayo yenyewe huyapokea magari ya betri pamoja na ya haidrojeni.

Hoja ya nne ndiyo nzito kuliko zote: hatuna fedha. Nyuzi za kaboni ni ghali, na safari ya kwenda Ulaya ni ghali zaidi. Nakubali, wala simshauri mkuu wa shule yeyote achangishe wazazi kwa ajili ya gari. Nina shauri jingine.

Tuanze na baiskeli

Shule nyingi haikosi baiskeli kadhaa, ama za wanafunzi ama za walimu. Ndugu mwalimu, tafuta mahali penye mteremko mfupi unaoishia kwenye tambarare ndefu isiyo na magari. Kila kikundi cha wanafunzi kilete baiskeli moja. Mpandaji aanze akiwa amesimama juu ya mteremko, aiachie baiskeli, asikanyage pedali hata mara moja, mpaka isimame yenyewe. Atakayefika mbali zaidi ndiye mshindi.

Kanuni ziwe kali kama zile za Ulaya. Mpandaji na baiskeli yake wapimwe kwa pamoja, na aliye mwepesi aongezewe mfuko wa mchanga mpaka wote walingane. Kila baiskeli ishuke mara tatu, na wastani ndio uhesabiwe. Mashindano yafanyike asubuhi kabla upepo haujaanza, na breki zikaguliwe kwanza. Kimo cha mteremko kipimwe kwa mpira wa maji, kama wafanyavyo waashi wanapopata usawa wa msingi.

Kisha ije hesabu. Tuseme kimo ni meta 1, uzito wote ni kilo 80, na baiskeli ilisimama baada ya meta 100. Nishati iliyoanza nayo ni jouli 784. Yote imepotea katika meta 100. Basi kani ya wastani iliyoipinga ni nyutoni 7.8 hivi. Kikundi na kirudi kwa fundi baiskeli, kijaze upepo, kioshe gololi na kutia grisi mpya, kinyooshe gurudumu linalogusa breki, halafu kipime tena. Ikifika meta 125, kani imeshuka mpaka nyutoni 6.3. Mwanafunzi huyo sasa anaweza kulijibu lile swali lililonishinda mimi: kiasi gani.

Kila kilichofanywa kiandikwe katika daftari la shule na kihifadhiwe, ili kidato kitakachofuata kishindane na rekodi ya waliotangulia. Shule mbili za jirani zaweza kukutana, kisha wilaya nzima. Hakuna hata moja katika hayo linalohitaji mfadhili wa nje.

Nchi yetu huagiza kutoka nje petroli na dizeli yake yote. Kila lita inayoungua bure katika injini iliyotunzwa vibaya au kwenye tairi lisilo na upepo wa kutosha imelipiwa kwa fedha za kigeni, yaani kwa kahawa, pamba na korosho za wakulima wetu. Wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba. Na kibaba kilichojaa humwagika vivyo hivyo, haba na haba. Tunahitaji vijana wenye mazoea ya kuziona na kuzipima hizo haba. Nawasihi walimu wa fizikia walijaribu shindano hili muhula ujao, na matokeo, pamoja na makosa yaliyotokea, wayaandikie jarida hili. Baiskeli zipo, mteremko upo, na futi kamba ya fundi seremala inaweza kuazimwa.