Mchakamchaka Kati ya Mizabibu

Imekita mizizi katika makambi mengi dhana ya kwamba mbio za askari ni jambo la uwanja ulio sawa na barabara iliyonyooka. Kikosi huamka alfajiri, hujipanga safu tatu, hupiga mchakamchaka kwa nyimbo juu ya lami, kisha hurudi kuoga na kunywa chai. Hatusemi kwamba zoezi hilo ni baya. Twasema halitoshi, kwa sababu medani ya vita haikusawazishwa kwa greda, wala mhalifu anayetoroka hafuati lami. Atakaye miguu ya kazi hana budi kuipeleka vilimani. Na akiipeleka vilimani atajikuta, apende asipende, katikati ya mashamba ya watu. Hapo pana mambo mawili ya kujifunza, nayo hayatengani: ukakamavu wa mwili na adabu ya njia.

Ili tusinene hewani, natutazame nchi moja ambako mambo hayo mawili yamekaa pamoja kwa muda mrefu. Kusini-magharibi ya Ujerumani, katika eneo la Pfalz, kuna barabara iitwayo Njia ya Mvinyo. Ina urefu wa kilomita 85 hivi, kutoka kijiji cha Schweigen kwenye mpaka wa Ufaransa hadi Bockenheim upande wa kaskazini. Ilifunguliwa mwaka 1935, wakati wa utawala wa Wanazi, kwa shabaha ya kuuza mvinyo uliokuwa umejaa maghalani. Utawala ule ulikwisha kwa aibu, bali barabara na wakulima wake wamebaki.

Msomaji aliyepita Dodoma ameiona mizabibu, hivyo haitamwia vigumu kupata picha. Upande wa mashariki wa barabara hiyo ni bonde pana la mto Rhine. Upande wa magharibi nchi huinuka ghafla na kuwa milima ya mawe mekundu ya mchanga, iliyofunikwa na msitu uitwao Pfälzerwald, mmojawapo wa misitu mikubwa ya Ujerumani. Milima hiyo huzuia mvua zitokazo magharibi, na kwa hiyo miteremko iliyo chini yake ni mikavu yenye jua, kiasi cha kuzaa zabibu, lozi na hata tini. Mkimbiaji anayeondoka mjini Neustadt, penye mwinuko wa mita 140 hivi juu ya usawa wa bahari, hupita kwanza kati ya mizabibu hadi Hambach, akaingia katika msitu wa miti ya njugu za kizungu, akapanda hadi ngome ya kale ya Hambach, na akiwa bado ana pumzi akaendelea hadi kilele cha Kalmit, mita 673. Kisha huteremka kwenye kijiji cha Sankt Martin na kurejea kwa njia ya mizabibu kupitia Maikammer. Ndani ya asubuhi moja amepanda zaidi ya mita 500 na kuzishuka zote.

Je, njia kama hiyo humfanyia nini askari? Kupanda humfundisha moyo na mapafu kufanya kazi nzito hali mwendo ni wa polepole, na kwa hiyo miguu haipigwi sana na ardhi. Kushuka kuna fundisho jingine. Misuli ya mapaja hulazimika kukaza huku ikivutwa, ili izuie uzito wa mwili usiporomoke. Nyuzi zake hupata michubuko midogo, na ndiyo sababu maumivu huja siku ya pili, wala si siku ile ile. Misuli iliyokwisha kuzoezwa mteremko mara kadhaa haiumii tena kiasi hicho. Askari asiyewahi kuteremka mbio hugundua upungufu wake siku ya operesheni, wakati ambapo hakuna nafasi ya kujifunza. Mwenda pole hajikwai, na mteremko ndio mahali pa kuikumbuka methali hiyo.

Tusisahau pia kwamba ni jeshi la nchi hizo hizo za Kijerumani lililotoa onyo la mapema kuhusu mbio na kwata za kupita kiasi. Mwaka 1855 Breithaupt, daktari wa jeshi la Prussia, alieleza habari za miguu ya askari iliyovimba na kuuma baada ya safari ndefu. Miaka mingi baadaye, zilipopatikana picha za eksirei, ilifahamika kwamba ile ilikuwa mifupa iliyopasuka kwa kupigwapigwa mahali pale pale. Njia ya kilimani, kwa kuwa ina udongo, nyasi, mawe na mizizi, hubadilisha hatua kila mara. Lakini hata hiyo huvunja mguu wa kuruta anayesukumwa haraka mno. Mkufunzi mwenye busara huongeza mwinuko kidogo kidogo, juma kwa juma.

Sasa tuje kwenye jambo la pili, ambalo kwetu lina uzito zaidi. Njia zile za Pfalz hazikujengwa kwa ajili ya wakimbiaji. Nyingi kati yake zilitengenezwa ili trekta lifike shambani, hasa baada ya Vita Kuu ya Pili, vipande vidogo vya ardhi vilipounganishwa na kupangwa upya. Mkimbiaji ni mgeni tu. Sheria ya misitu ya Ujerumani ya mwaka 1975 inamruhusu kila mtu kuingia msituni kwa mapumziko, kwa dhamana yake mwenyewe. Katika mashamba ya wazi ruhusa ni finyu zaidi: mtu apite barabarani, vijiani na katika ardhi isiyotumiwa. Nafasi iliyo kati ya safu mbili za mizabibu si njia, hata ikiwa ina nyasi laini zinazovutia miguu. Hiyo ni karakana ya mkulima.

Mila ya kijiji ilikuwa kali zaidi ya sheria. Zamani vijiji vya huko viliweka walinzi wa mizabibu, waliofukuza ndege na wezi. Na zabibu zilipokaribia kuiva, mashamba yalifungwa, na hata mwenye shamba hakuingia ila siku zilizokubaliwa. Hata leo, mwezi wa Septemba na Oktoba, mashine za kuvunia hufanya kazi usiku na alfajiri, wakati wa baridi, na mkimbiaji anayezikuta njiani hana budi kusimama pembeni. Wakati wa kunyunyiza dawa za ukungu, huchagua njia nyingine. Siku ya msako wa nguruwe mwitu msituni, hugeuka arudi. Hakuna anayemlazimisha kwa bunduki. Anajua kwamba njia inabaki wazi kwa sababu wapitao wanaitunza. Chama cha wapenda msitu huo, kilichoundwa mwaka 1902, huweka alama za njia na kutunza vibanda vya wasafiri, na kazi hiyo kwa sehemu kubwa hufanywa na watu wa kujitolea.

Wapo watakaosema: haya ni mambo ya raia wenye nafasi; askari analinda nchi nzima, basi atapita popote. Hoja hii huvutia masikio, lakini ni ya hatari. Ngome ile ya Hambach inaijibu. Tarehe 27 Mei 1832 maelfu ya watu walipanda kilima hicho kutoka Neustadt kudai uhuru na umoja wa Wajerumani, na wakulima wa mizabibu, waliolemewa na kodi na ushuru, walikuwa miongoni mwao. Mwezi uliofuata mfalme wa Bavaria alipeleka jeshi chini ya Jemadari Wrede kuituliza Pfalz, na askari wakawekwa katika nyumba za wananchi. Leo ngome hiyo hutembelewa kama mahali patakatifu pa demokrasia ya Ujerumani. Wale walioandamana ndio wanaoheshimiwa. Waliotumwa kuwakalia hakuna anayewasifu.

Mkulima hasomi katiba ili ajue askari ni nani. Humsoma katika shamba lake. Kikosi cha watu 60 kikikatiza katika kahawa au mahindi ili kufupisha nusu kilomita, kimefuta kwa dakika 2 imani iliyojengwa kwa miaka. Na siku polisi watakapohitaji kuelezwa ni nani aliyepita usiku, mkulima yule atajibu kwamba hakuona mtu.

Kwa hiyo twashauri yafuatayo. Wakuu wa vikosi wachague njia za kilimani mapema na kuwaarifu viongozi wa vijiji. Kikosi kipite kwa safu moja penye kijia chembamba, wala kisipanue njia kwa buti. Wakati wa kupanda mbegu na wakati wa mavuno, njia ibadilishwe. Tunda la shamba lisiguswe, hata lililoanguka. Mzee mwenye mzigo apishwe na kusalimiwa. Nyimbo zisimame mpaka apite. Na kwa kuwa tumezungumzia nchi ya mvinyo, tuongeze kwamba kuna mashindano, kama yale ya Médoc nchini Ufaransa yaliyoanza mwaka 1985, ambako wakimbiaji huonjeshwa mvinyo njiani. Hayo ni tamasha la raia. Mwenye silaha na dhamana ya usalama hukata kiu kwa maji.

Nguvu ya miguu hupatikana kwa kupanda kilima. Nidhamu ya askari huonekana pale anapozunguka shamba ambalo angeweza kulikanyaga bila kuulizwa na mtu. Kikosi chenye yote mawili kitakaribishwa katika kila kijiji, na kitakimbia njia ile ile hata mwakani.